Dawa Imepigwa, Mmea Bado Unaoza: Kusaka Magonjwa ya Oomiseti Mashamba ya Tabora

Umepiga dawa ya ukungu, umefuata kipimo cha kwenye lebo, hukupunja maji, na wiki inayofuata ugonjwa uko palepale au umezidi. Hapo wakulima wengi huamua kwamba dawa ni feki. Feki zipo, sibishi. Lakini mara nyingi dawa ni halali kabisa, ila imepelekwa kwa adui asiye wake.

Kuna kundi la vimelea linaloitwa oomiseti. Kwa macho vinafanana na kuvu: vina nyuzinyuzi, vinatoa unga mweupe, vinaozesha. Kwa asili ni ndugu wa mwani wa kahawia wa baharini, wala si ndugu wa uyoga. Ukuta wa seli zao umejengwa kwa selulosi, wakati ule wa kuvu umejengwa kwa kitini. Tena havijitengenezei ergosteroli, kitu ambacho dawa nyingi za kuvu zimeundwa kukizuia kisitengenezwe. Ndiyo maana difenokonazoli au tebukonazoli inaweza kukusafishia kutu ya maharage vizuri kabisa, halafu isifanye lolote kwenye bakajani chelewa ya nyanya. Kabendazimu hali ni ileile. Salfa pia.

Jambo la pili ni maji. Oomiseti nyingi hutoa zoospora, spora zenye nyuzi mbili za kuogelea. Kwenye maji yaliyojaa kati ya punje za udongo, au ndani ya tone la umande juu ya jani, zinaogelea zenyewe, na zile za udongoni hufuata harufu ya mzizi. Udongo ukilowa chepechepe kwa saa chache tu, zinakuwa zimeshafika. Mbali na hizo, nyingi hutengeneza oospora, spora ya ukuta mnene inayoweza kukaa udongoni miaka kadhaa ikingoja mmea.

Kwa hiyo mimi nikiitwa shambani naanza kutazama mteremko. Mvua iliyopita ilipita wapi? Ilituama wapi, na kwa muda gani? Nikishajua hilo ndipo nainama kwenye mmea.

## Miche ya kitaluni inaanguka

Hiki ni kinyausi, na wanaokisababisha ni zaidi ya mmoja. Vitalu vya tumbaku hapa husiwa kiangazi, mvua ikiwa bado mbali, kwa hiyo unyevu unaoangusha miche hautoki mawinguni, unatoka kwenye keni ya kumwagilia. Hiyo ni nafuu, maana keni unaishika wewe.

Ng'oa mche ulioanguka leo au jana, usichukue uliokauka wiki iliyopita. Uoshe taratibu kwenye kikombe cha maji, kisha bana mzizi kwa vidole viwili uuvute. Ganda la nje la mzizi likivuka na kukuachia uzi mwembamba wa katikati, mshukiwa wa kwanza ni Pythium, ambayo ni oomiseti. Shina lake kwenye usawa wa udongo huwa laini na la majimaji. Ukiona badala yake kidonda kikavu cha rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, kimebonyea, na shina limesinyaa lakini ni gumu, hiyo ni Rhizoctonia, kuvu halisi, na dawa yake ni nyingine. Na kama shina limekatwa safi, mche umelala kando ya kisiki chake, fukua sentimita chache pembeni. Utamkuta sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja. Hapo hata ukipiga dawa ya ukungu ya bei gani, umempigia aliyelala.

Tazama pia umbo la eneo. Pythium huacha kipara cha mviringo kinachopanuka kila siku kuanzia pale maji yanapotuama: upande wa kitalu ulioinama, au pembeni anapotua keni anayemwagilia.

Chanzo mara nyingi ni mkono mzito wakati wa kusia. Gramu moja ya mbegu za tumbaku ina mbegu zaidi ya 10,000, na ukizidisha kidogo tu miche inasongamana, hewa haipiti chini, udongo haukauki. Kinachofuata ni kumwagilia jioni, ili kitalu kilale kimelowa usiku mzima. Halafu nyasi za matandazo zinazoachwa wakati miche imeshachomoza, na samadi mbichi.

Ukikuta kipara leo, acha kumwagilia sehemu hiyo kwa siku moja, ondoa miche iliyoanguka pamoja na mzunguko wa miche inayoonekana mizima kama sentimita 10 hivi, punguza nyasi, na hamishia umwagiliaji asubuhi. Dawa ya kunyweshea udongo yenye metalaksili au propamokabu inalinda ile iliyobaki. Haifufui iliyolala.

Kwa msimu unaofuata inua kitalu angalau sentimita 15. Wazee wa hapa walikuwa wakichoma kitalu kwa matawi makavu kabla ya kusia, na inafanya kazi, ila miombo yetu tayari inachomwa vya kutosha kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Nailoni inayopitisha mwanga, ikitandazwa juu ya udongo uliolowa na kingo zake zikafukiwa, kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali, hupunguza sana vimelea. Iwe nyeupe ya kuonyesha ng'ambo. Nyeusi haipashi udongo joto namna hiyo.

Wenye vitalu vya kuelea wana shida yao peke yao. Bwawa moja la maji limebeba trei zote, na zoospora zikiingia hakuna ukuta wa kuzizuia. Majani yakianza kuwa manjano, inua trei utazame chini: mizizi mizima ni myeupe, iliyougua ni ya kahawia na inateleza. Usijaze bwawa kwa maji ya mbuga, yaani bonde lenye majimaji, wala ya lambo wanakonyweshea ng'ombe, na trei za mwaka jana zisafishwe kwa klorini kabla hazijagusa maji mapya.

## Tumbaku inanyauka mchana, jioni inaamka, siku chache baadaye haiamki

Hili ndilo linalowaumiza watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge, kwa sababu linakuja mbolea ikiwa imeshawekwa na deni la pembejeo limeshaandikwa Chama cha Msingi cha ushirika. Washukiwa wakubwa ni wawili, na mmoja tu ndiye oomiseti.

Chagua mmea ulioanza kunyauka, usichague uliokufa, maana kwenye mzoga kila kitu kinaota. Ukate usawa wa udongo, kisha pasua shina kwa kisu kirefu kutoka chini kwenda juu. Kwenye ugonjwa wa shina jeusi, unaoletwa na Phytophthora nicotianae, sehemu ya chini ya shina kwa nje ni nyeusi na weusi huo unapanda. Ndani, moyo wa shina umekauka, umekuwa kahawia hadi mweusi, na umegawanyika kwa mlalo, tabaka juu ya tabaka na nafasi katikati, mithili ya sahani zilizopangwa. Ukiiona mara moja hutaisahau.

Mshukiwa wa pili ni mnyauko bakteria. Huu mara nyingi huanza upande mmoja: nusu ya jani imelegea na nusu nyingine iko sawa. Ukibandua ganda la shina utaona michirizi ya kahawia inayopanda, na moyo mwanzoni hauna zile tabaka. Kata kipande cha shina cha sentimita 5, kishikilie kwenye bilauri ya maji masafi, ncha iliyokatwa ikizama kidogo, na usitikise. Ndani ya dakika chache ute mweupe utashuka kutoka kwenye ncha hiyo kwa uzi mwembamba, ukienda moja kwa moja hadi kwenye kitako cha bilauri. Uzi ukishuka, ni bakteria, na hakuna dawa ya ukungu ya aina yoyote itakayokusaidia. Usinunue.

Yupo na wa tatu asiye ugonjwa, na amewahi kuwachanganya hata wataalamu: radi. Radi ikipiga shamba la tumbaku, moyo wa shina nao unaweza kugawanyika tabaka tabaka vilevile. Tofauti iko kwenye ramani na kalenda. Radi inaangusha duara zima kwa mara moja, siku moja au mbili baada ya ngurumo, pamoja na magugu yaliyomo ndani ya duara hilo, kisha haisogei tena. Shina jeusi linaanza na mimea michache, linafuata mfereji kuelekea bondeni, na kila baada ya mvua kubwa linaongeza mistari. Magugu hayaguswi.

Kabla hujaondoka, chimba mizizi. Ukikuta mafundo, kuna minyoo fundo, na minyoo fundo inafungua mlango: hata aina ya tumbaku yenye ukinzani dhidi ya shina jeusi inaweza kushindwa ikiwa mizizi yake imeshatobolewa. Watu wengi huhangaika na ugonjwa miaka na miaka bila kuwagusa minyoo.

Umeingiaje? Mholanzi Breda de Haan alipokieleza kimelea hiki mwaka 1896 kwenye tumbaku ya Indonesia ya leo, alikikuta kwenye miche. Jambo hilo halijabadilika. Mche kutoka kitalu cha jirani ambacho hukukitembelea ndio usafiri wake wa kwanza. Wa pili ni udongo ulioganda kwenye jembe, kwenye plau ya ng'ombe, kwenye buti. Wa tatu ni maji yanayotiririka kutoka shamba la juu. Udongo wenye joto la kati ya nyuzi 25 na 30 hivi, uliolowa, ndio ugonjwa huu unaoupenda, na Januari ya hapa inaupa vyote viwili.

Kwa mmea ulionyauka, basi tena. Ung'oe na mizizi yake, ubebe kwenye kiroba, usiuburuze mistarini, ukauchome nje ya shamba. Sehemu yenye ugonjwa ilimwe mwisho, na jembe lioshwe hapohapo kabla ya kwenda nyumbani. Chimba mfereji wa kukatiza maji upande wa juu na mwingine wa kuyatoa chini. Metalaksili inasaidia ikiwekwa udongoni wakati wa kupandikiza au muda mfupi baadaye. Kuinyunyiza kwenye majani ya mmea ambao shina limeshakuwa jeusi ni kumwaga hela. Msimu ukiisha ng'oa visiki mara tu baada ya kuvuna, usiviache vikachipua, na eneo hilo liende mahindi au karanga kwa misimu miwili au mitatu. Nyanya na pilipili si mbadala mzuri hapo. Jamaa huyu anawajua wote wawili, na mnyauko bakteria unawajua vilevile.

## Majani ya nyanya yanaungua

Swali langu la kwanza kwa mwenye nyanya: mwezi gani? Phytophthora infestans, kimelea cha bakajani chelewa, hutaka ubaridi na jani lililolowa kwa saa nyingi mfululizo, nyuzi 15 hadi 22 hivi. Kwa Tabora hiyo ni Desemba hadi Machi, zile siku ambazo mawingu yanagoma kuondoka, na pia kwenye mbuga ambako umande wa alfajiri unakaa hadi saa tatu. Mtu akinionyesha majani yaliyoungua mwezi Oktoba, jua likiwa linapasua kichwa, nafikiria kwanza utitiri mwekundu, kantangaze (kiwavi anayekula jani kwa ndani) na bakajani tangulia. Bakajani chelewa nairudisha mwisho wa foleni.

Bakajani tangulia inaanzia majani ya chini, ya zamani. Doa lake ni kavu, lina duara ndani ya duara. Kantangaze anachora njia ndani ya jani, na ukilishika dhidi ya mwanga utaona jani limebaki ngozi mbili bila nyama, wakati mwingine na kiwavi mwenyewe ndani. Bakajani chelewa haijali umri wa jani. Doa linaanza la kijani iliyokolea, kama limelowa, mara nyingi pembeni au kwenye ncha ya jani, linageuka kahawia hadi jeusi, na shina nalo linapata mabaka meusi marefu. Hewa ikiwa mbichi, shamba zima linaweza kwisha ndani ya wiki moja au mbili.

Ukibaki na shaka, usiku mmoja unatosha kukata kesi. Chukua jani lenye doa changa, liweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kipande cha karatasi ya chooni kilicholowa, mgongo wa jani ukiangalia juu, funga, liache ndani ya nyumba mahali pa baridi. Asubuhi tazama ukingo wa doa, pale ugonjwa unapokutana na ukijani. Utando mweupe laini ukitokea hapo upande wa chini, umempata.

Tunda nalo lina lugha yake. Bakajani chelewa inaweka baka la kahawia, gumu, lisilo sawasawa, mara nyingi mabegani karibu na kikonyo. Tunda linalogusa udongo likapata baka laini lenye mizunguko ya kahawia hafifu na iliyokolea, huyo ni Phytophthora mwingine, wa udongoni, na tiba yake ya kwanza ni kuinua mimea kwa miti na kutandaza nyasi chini. Kitako cheusi kilichobonyea, upande wa chini ulikoanguka ua, si ugonjwa wa kuambukiza kabisa. Ni kalsiamu isiyofika kwa sababu maji yanakuja kwa kuruka: leo mengi, kesho hakuna.

Huyu wa bakajani chelewa ndiye aliyemaliza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Kwetu kuna jambo moja linalotupa nafasi. Ili atengeneze oospora, lazima jinsi mbili zikutane, A1 na A2, na Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa imekuwa na A1 peke yake. Maana yake anahitaji mmea hai kutoka msimu hadi msimu. Sasa angalia mbuga zetu: bustani ya kwanza inazeeka, ya pili inachanua, ya tatu ndiyo kwanza inapandikizwa, zote zimepakana, mwaka mzima. Tunampokeza. Ng'oa nyanya kongwe kabla ya kupandikiza mpya jirani yake. Ng'oa na za kujiotea. Viazi mviringo vilivyooza vinavyotupwa jalalani nyuma ya genge vikachipua, navyo ni kituo chake.

Panda kwa nafasi, sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche, simika miti, ondoa majani ya chini, mwagilia shinani. Mwavuli wa dawa uwe umeshawekwa kabla ya wiki ya mawingu. Ukisubiri uone doa, unakimbizana naye akiwa ametangulia, kwa sababu doa la leo ni maambukizi ya siku tatu hadi saba nyuma.

## Matango, maboga na matikiti: manjano juu, vumbi chini

Hapa magonjwa mawili yanachanganywa kila siku, na dawa zake haziingiliani. Ubwiri unga ni kuvu: unga mweupe juu ya jani, unafutika kwa kidole, na unapenda hali kavu. Salfa inaumudu, ingawa kwenye jua kali salfa yenyewe huunguza majani ya jamii hii. Ubwiri vinyoya ni oomiseti, Pseudoperonospora cubensis. Kwenye tango, madoa ya manjano yana kona kwa sababu yanazuiwa na mishipa ya jani, na ukigeuza jani asubuhi na mapema utaona vinyoya vya kijivu kuelekea zambarau. Saa sita mchana vinyoya hivyo havionekani, kwa hiyo usiende kukagua saa hizo ukarudi na jibu. Kwenye tikiti madoa hayana kona nzuri hivyo, ila majani hujikunja kuelekea juu. Unasafiri kwa upepo, kwa hiyo usafi wa shamba lako pekee hauutoshi. Pulizia upande wa chini wa jani.

## Mchicha una chokaa

Mama mmoja anayelima mboga pembezoni mwa mji alinishika mkono kabla sijashuka kwenye baiskeli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu njoo uone, hii chokaa imetoka wapi? Mimi sijapiga kitu."

Juu, jani lilikuwa na madoa ya manjano hafifu. Nililigeuza: malengelenge meupe, madogo, yamejaa, mengine yamepasuka na kutoa unga.

Hiyo ni kutu nyeupe ya mchicha. Jina linasema kutu lakini ni oomiseti. Inayoshika figiri na jamii ya kabichi, Albugo candida, ni nyingine, kwa hiyo mchicha wako haumwambukizi jirani mwenye kabichi. Mtu akila jani hilo halimdhuru, soko tu ndilo linalolikataa. Na mimi kwenye mchicha sishauri dawa. Ni mboga inayovunwa baada ya wiki chache na kuchumwa mara kwa mara, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hazitaheshimiwa, tusidanganyane. Ng'oa tuta lote lililoshikwa, sia tuta jipya mbali na hapo kwa mbegu chache zaidi, mwagilia asubuhi chini ya majani, na tuta la zamani lipumzike kwa zao lingine.

## Mengine, kwa haraka

Mtama au mahindi yenye majani ya mistari myeupe, membamba, yaliyosimama wima, baadaye, hasa kwenye mtama, yakachanika nyuzinyuzi: ubwiri vinyoya wa nafaka. Ng'oa yanapoonekana, mbegu ya msimu ujao iwe imepakwa metalaksili. Mchungwa au mlimau unaotoa utomvu kwenye shina karibu na ardhi: umelundikiwa udongo au samadi shinani. Ifukue, kwangua ganda lililooza hadi kwenye ganda zima, paka dawa ya shaba. Mpapai unaooza shingo ya mizizi baada ya mvua kubwa: uko kwenye shimo, panda mwingine juu ya kichuguu. Na ndugu zetu wa Buhigwe, upande wa Kigoma, wenye tangawizi inayogeuka manjano na kung'oka kwa mkono mmoja, tunguu likiwa limelainika: mara nyingi ni Pythium, na ilikuja ndani ya tunguu la mbegu. Kata tunguu la mbegu ulitazame kabla ya kupanda.

## Umelenga sawasawa, dawa sahihi, bado haishiki

Soma kiambato, yale maandishi madogo chini ya jina kubwa la biashara. Maduka yanauza majina mengi, viambato ni vichache. Kwa oomiseti unatafuta makundi mawili. Kundi la kwanza ni la kukinga kwa nje: mankozebu, shaba na klorothalonili (kwenye lebo utaikuta chlorothalonil, kama vile metalaksili unavyoikuta metalaxyl). Hizi hazipenyi. Pale tone lisipofika, hakuna ulinzi, na jani lililoota baada ya kupulizia liko uchi. Kundi la pili hupenya: metalaksili, dimethomofu, saimoksanili, propamokabu, fosetili.

Metalaksili ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970 ilionekana imemaliza kazi. Kufikia 1980, huko Ulaya, bakajani chelewa sugu ilikuwa imeshajitokeza. Inashambulia sehemu moja tu ya kimelea, kwa hiyo badiliko dogo linatosha kuikwepa. Ndiyo maana pakiti nyingi zinaiuza ikiwa imechanganywa na mankozebu, kwa mfano gramu 80 za metalaksili na gramu 640 za mankozebu kwa kilo. Mtu anayepiga pakiti hiyo kila wiki kuanzia kupandikiza hadi mavuno anafuga usugu kwa gharama zake. Piga mara mbili, tatu, kisha hamia kiambato kingine. Kubadili jina la biashara huku kiambato ni kilekile hakuhesabiki.

Halafu kuna mambo ya pampu. Nozeli iliyopanuka inatoa matone makubwa yanayoteleza. Nyanya zilizofika kiunoni zinapuliziwa kwa maji yaleyale ya zile za magotini, upande wa chini wa majani hauguswi. Mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kupulizia, kinga ya nje imeshaenda na maji. Na maji ya lambo yenye tope hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa, yachuje au yaache yatulie usiku kucha.

Kwa tumbaku ongeza jambo moja: wanunuzi hupima masalia ya dawa kwenye jani. Tumia tu kilichomo kwenye orodha ya pembejeo iliyokubaliwa, hata kama jirani amekuletea chupa "kali". Pakiti yoyote isiyo na namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, irudishe.

## Kama bado huelewi, peleka sampuli

Kituo cha TARI Tumbi, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiko hapahapa Tabora, na afisa ugani wa kata anaweza kukusaidia kuifikisha. Sampuli mbaya haina majibu. Chagua mimea mitatu au minne kutoka ukingoni mwa eneo lililougua, ikiwa bado hai. Ile ya katikati imeshaliwa na kila mpita njia. Chimba na mizizi na udongo wake, usivute. Mizizi na udongo vifungwe kwenye mfuko wa nailoni na ufungwe shinani, majani yazungushiwe gazeti kavu. Mmea mzima ukiuweka ndani ya nailoni iliyofungwa, juani, nyuma ya bodaboda, utafika ukiwa supu. Ufike siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi.

Juu ya karatasi andika: zao na aina ya mbegu, tarehe ya kupandikiza, miche ilitoka wapi, nini kililimwa hapo msimu uliopita, mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini, maji hutuama upande gani, na dawa zote ulizopiga kwa majina ya viambato, pamoja na ile ambayo hutaki mtu ajue.